Daftari la Gamba la Kijani

Katuba, mwezi wa saba. Baridi inauma meno.
Umeme umekwenda tangu jioni,
mbabula imebaki jivu lenye jicho moja.
Nina betri ya saa moja na nusu
na kipande cha Njia Nyeupe juu ya meza:
nukta katika weusi wenye chengachenga,
kama chumvi iliyomwagika gizani
na mtu akaambiwa, haya, okota, utuambie ni ngapi.

Nahesabu.
Mia tatu na kumi na mbili. Na kumi na tatu.
Hili ni wingu linalozaa nyota.
Hili ni kovu la nyota iliyopasuka, pete iliyomeguka upande.
Viwili hivi vinavyokaribiana ni kitu kimoja, chenye mabawa,
tena si cha kwetu: kiko nyuma kabisa ya galaksi yetu,
kinachungulia kwa dirisha la jirani.

Twite, mtoto wa mpangaji, ananiinamia begani.
"Kama ni redio, wanasema nini?"
Hawasemi.
"Sasa unajuaje wapo?"
Namwonyesha nje: vumbi la barabara, moshi,
taa za malori ya shaba zikififia ndani yake.
Nuru hushindwa na vumbi, namwambia.
Mawimbi haya hupenya, kama harufu ya samaki
inavyopenya ukuta wa wenzetu.
Anacheka. Ameelewa njaa, labda, si anga.

Baba alikuwa karani wa mabehewa, miaka ishirini na sita,
kalamu sikioni, shaba ikimpita kwenda kwa wengine.
Alinifundisha mambo mawili:
usikihesabu kitu mara mbili kwa kukipenda,
usikiruke kwa sababu ni kidogo.

Lakini kanuni ni kanuni. Kisichozidi kelele mara tano
hakiingii orodhani.

Na hapa ukingoni pana kimoja. Mara nne na robo tatu.
Nakikuza, kinatawanyika.
Narudi nyuma, kipo.
Betri: asilimia sita.

Baba alikuwa na daftari la pili, la gamba la kijani,
la mabehewa aliyoyasikia usiku bila kuyaona.
Hakuna bosi aliyewahi kuliomba.
Nilidhani ni uzee.

Skrini inazima. Napapasa kalamu,
nageuza mfuko mtupu wa unga, naandika gizani
mahali pake,
bila namba.