Mshelisheli wa Bi Mize

Mara ya kwanza niliiona juani,
na nyumba juani ni mchumba wa sikukuu:
kila kitu kimepigwa pasi.
Nikaipenda papo hapo, kwa ujinga,
kwa ajili ya dirisha moja la rangi ya samli.

Mama akanambia: rudi na mvua.

Basi nikangoja masika yaingie Wete,
nikaazima mwavuli kwa Raya,
nikasimama ukumbini na Shaame Faki,
sote tunaikodolea dari, hatusemezani.
Tone la kwanza likamwangukia begani.
"Hilo," akasema, "ni la leo tu."
Nikacheka. Nikashusha bei kwa tone lile.

Mkasi, jirani wa ukuta kwa ukuta,
akanifunulia siri ya mfereji:
maji ya hapa huja saa nane za usiku,
huingia kama mwizi,
huaga kama mgeni aliyekwisha kula.
Nikaenda saa nane, nikayasikiliza.
Yalikohoa kwanza. Kisha yakaja.

Vyumba nilivipima kwa kanga,
maana pima ya muuzaji ina mikono mifupi.
Chumba cha cherehani: kanga mbili na shibiri.
Cha kulala: tatu, kasoro pindo.

Mjomba Hemedi hakuuliza rangi wala bei.
Alichukua ufagio wa mti mrefu, akaulaza begani,
akatoka nao chumbani, akapinda ukumbini,
akakwama penye kona, akarudi nyuma, akapita.
"Jeneza litatoka," akasema. "Nunua."
Shaame akavuta astaghfirullah.
Mie nikaandika kwenye daftari: kona, inapita.

Miaka tisa nimeshona sare za skuli,
kola nyeupe, vifungo vinne, kola nyeupe,
upatu nikiupokea naushonea ndani ya mto.
Pesa ile ilikuwa na usingizi wangu ndani yake.
Ndiyo maana karatasi niliisoma kwa kidole,
neno kwa neno, kama mtoto wa chuoni.

Marehemu mzee Faki aliacha watoto saba.
Saini zilikuwa sita.

Nikahesabu tena, labda moja imejificha chini ya muhuri.
"Wa saba ameolewa mbali," akasema Shaame.
Mbali kwenyewe ni Tumbe.

Nilimkuta Bi Mize anasuka ukili.
Hakuuliza naiuziwa kwa shilingi ngapi.
"Mshelisheli wa uani," akasema, "bado upo?"
Upo, nikamwambia, unazaa hadi juu ya bati.
Ukili ukasimama mikononi.
"Nyumba ya baba. Mti wangu mie.
Nilipewa sijajua hata kufunga kanga."
Pemba nani asiyejua: udongo una mwenyewe,
na mti uliosimama juu yake una mwenyewe mwingine.
Lakini Shaame alikwisha andika *na vyote vilivyomo*,
maneno matatu, yakameza mti na mizizi yake.

Tukarudi kwa sheha, sote, wino upya.
Fungu lake likahesabiwa mezani, noti kwa noti,
naye akilitazama kama anayetazama mvua ya mtaa wa pili.
Na chini kabisa, kwa mwandiko wa sheha usiofuata mstari:
nyumba ya Sanura binti Khatib,
mshelisheli wa Mize binti Faki.

Tone bado lipo. Nimeliwekea sufuria.

Kupanga kwangu kote, hodi ikipigwa
nilikuwa nanyamaza, aitike mwenye nyumba.
Msimu wa kwanza alikuja asubuhi na upembo wake,
kuufuata mti wake, uani kwangu.
"Hodi."
Mie niko kwenye cherehani, pini mdomoni,
nimetulia, nangoja mtu aitike.
"Hodi hapa."
Mguu wangu ukaganda juu ya pedeli.
"Hodi, wenyewe."
Mara ya tatu, na ya nne haipigwi.
Nikazitema pini.