Kabla ya Mfumo

Saa nne usiku, Szczecin, ghorofa ya saba.
Tramu imekata kona, vioo vimetetemeka,
na Bogna amekaza skrubu ya mwisho,
akalamba kidole kilichochanwa na bati la kasha.

Anabonyeza.
Feni tatu zinaamka. Kadi ya picha,
iliyokula mishahara miwili na nusu,
inanguruma chini chini kama paka aliyeshiba.
Kwenye skrini, mstari mmoja mweupe:
hakuna mfumo.
Kila kiungo kipo. Hakijui kifanye nini.

Mchana kazi yake ni meno.
Anawachongea watu asiowajua sura,
anawajua kwa plasta ya taya tu,
na anajua kwamba jino, hata liwe zuri namna gani,
likizidi nusu milimita
mwenyewe atatafuna upande mmoja mpaka siku ya kuzikwa.
Kwa hiyo hana haraka.

Mezani flashi mbili.
Nyekundu ni Windows: dirisha lile lile
alilochungulia tangu ana miaka tisa.
Kila mchezo unaingia humo bila kupiga hodi.
Lakini siku hizi dirisha nalo linamchungulia,
linataka barua pepe yake, linamtangazia viatu,
linajizima katikati ya vita ili lijisasishe,
jeshi zima likisubiri amri.
Nimenunua nyumba, anasema,
na mwenye nyumba bado ana ufunguo.

Ya kijani, iliyopoteza kifuniko, ni Linux
na ngwini wake mnene.
Haidai hata groszi moja. Haiulizi wewe nani.
Ila kifungo kikidondoka utakishona mwenyewe,
na michezo mingine ikimwona ngwini mlangoni
inatia komeo.

Mimi ningemwambia njia mbili zilimshinda fisi.
Yeye angenijibu
fisi hakuwa na diski ya terabaiti mbili.

Lakini si diski inayomzungusha jikoni, chai ikipoa.
Ni Ziemowit.
Kaka yake anaunganisha mabomba Stavanger,
na kila Alhamisi, miaka sita sasa,
wanalinda mnara mmoja usiokuwepo duniani,
kaka kwa shoka, dada kwa upinde,
wakizungumza habari za mama
kati ya adui na adui.
Mnara ule una askari wa kunasa wadanganyifu,
na askari yule hamtambui ngwini.

Anapiga simu. Sauti inatoka chini ya mto.
"Nikiweka ile ya bure, mnara basi."
Kimya. Maji yanachuruzika kwenye sinki huko Norwei.
"Bogna, mnara ule ulinichosha
tangu mwaka juzi. Naingia kwa ajili yako."

Anakaa chini, sakafuni, kando ya maboksi.
"Mimi pia."

Alhamisi mia moja na ushei
kila mmoja amemshikia mwenzake mlango
wa chumba ambacho hakuna aliyetaka kuingia.
Wanacheka mpaka jirani anagonga bomba la joto.
"Sasa tutacheza nini?"
"Sijui. Kitu cha taratibu. Kulima. Treni."
"Treni," anasema Bogna.

Flashi ya kijani inakataa, inageuzwa,
inakataa tena, inageuzwa kama mwanzo, inaingia.
Lugha? Kipolandi.
Saa za wapi? Warszawa.
Ufute kila kitu kilichomo kwenye diski hii?
Hakuna kilichomo. Diski ina siku tatu tangu itoke dukani.
Hata hivyo kidole kinasita
juu ya ndiyo.

Saa saba za usiku treni yake ya kwanza inapita darajani,
mabehewa kumi na mawili, moshi, theluji,
bila mlio wowote. Spika ni bubu.
Anajaribu hiki, anajaribu kile. Bubu.

Anazima taa. Kesho ana taya mbili za kumaliza,
na jioni atarudi kwenye hili:
atachonga kidogo, ajaribu,
achonge tena kidogo.