Picha ya Mgongo

Daktari wa Maweni aliiinua picha dirishani,
mgongo wangu ukasimama katikati ya mawingu
kama mgebuka aliyekwisha kuliwa.
"Hapa, Ntiruka," akagusa kwa kalamu. "Pingili ya nne na ya tano.
Kilichokuwa kati yao kimechomoka."
Sikuuliza kilikuwa nini.
Nilihesabu tu: miaka kumi na minane bandarini,
saruji ya Bujumbura, saruji ya Kalemie,
kilo hamsini, kilo hamsini,
na ule ubao unaoyumba.

Nyumbani Mwanga nililala chali sakafuni.
Umeme umekatika. Editruda, kidato cha tatu,
akisoma kimya husinzia, basi akasoma kwa sauti,
akinigeuzia Kiingereza cha daftari:

"Kodata. Kwanza, ugwe laini, umelala mgongoni toka kichwa hadi mkia.
Pili, juu yake, uzi wa fahamu, mtupu ndani kama mrija.
Tatu, mianya kooni.
Nne, mkia unaovuka tundu la haja."
Hapo akacheka.
Nami nikacheka, nikaumia.

"Ndio akina nani hao?"
"Wote, baba. Dagaa.
Yule samaki wa mawe anayelea wanawe mdomoni.
Chura wa mfereji wetu. Kenge. Mnandi. Popo.
Sokwe wa Gombe, aliyeuacha mkia tumboni mwa mamaye.
Wako nao uliuacha humo humo, na ile mianya."

Akafunua ukurasa.
"Na kuna mmoja wa baharini, mfuko tu juu ya jiwe,
anavuta maji, anayatema.
Utotoni huogelea, ana ugwe, ana mkia.
Akipata jiwe lake hukaa,
akauyeyusha ugwe wake mwenyewe."
"Naye ni ndugu?"
"Kuliko kaa, baba. Kaa hana lolote kwetu."
Nikamkumbuka Kabwogi, mnyapara wetu,
siku alipopewa kiti ofisini.

"Na sisi? Ugwe wetu ulikwenda wapi?"
Alitafuta sana, tochi ya simu mdomoni.
"Mfupa ulikuja ukauzingira, ukaukatakata.
Umebaki ute.
Tone moja, kati ya pingili na pingili."

Nilinyamaza.
Kumbe ndicho kilichochomoka.
Kumbe meli zote zile nilizipakia kwa ute,
kitu kikongwe kuliko mfupa,
kikongwe kuliko hili ziwa na kina chake chote,
na mtumba wa saruji haukujua, wala mimi.

Mama yake akaleta ugali na dagaa.
Nilimtafuna wa kwanza polepole,
nikisikiliza mgongo wake ukivunjika, mdogo, mkavu,
nusura niombe radhi.

Kesho Editruda ana mtihani.
Mimi nimekatazwa chochote kinachozidi kilo tano.
Paka akaja, akajinyoosha ubavuni pangu,
pingili moja, pingili moja,
mkia mwisho,
kama fundi anayemwonyesha mwanagenzi mzito wa kuelewa.