Rufaa

Hapa Mbeya neno hili lina geti na ngazi.
Ukimwambia wa bajaji "Rufaa," haulizi ipi,
anakushusha hospitalini, penye wauza ndizi na ndoo za plastiki.
Nimeshuka pale mara kumi na moja na mume wangu,
naye kila mara alishuka kama mzigo wa mtu mwingine.

Rufaa ya pili ni ya karatasi.
Hii haina geti, ina dirisha,
na nyuma ya dirisha kijana mpole:
Mama, hapa wanataka utaje kiungo.
Kiungo kilichoumia.
Kuna mchoro wa mtu asiye na uso,
mikono kaiachanisha kama anayepekuliwa,
nawe utie msalaba palipo jeraha.

Nilikaa na kalamu mpaka chai ikapoa.
Begani, hapana.
Kichwani? Namnyoa mwenyewe kila Jumamosi,
hakina hata kovu la utotoni.
Moyo waliupima. Unapiga kama kengele ya shule.

Basi, wajumbe, ninyi mlioandika
"haijathibitika kuwa hali hii imetokana na utumishi,"
andikeni na haya.
Kabla hajavuka mpaka na kikosi chake
mtu huyu alicheka mpaka jirani akagonga ukuta.
Alirudi Novemba, pamoja na mvua,
viatu vinang'aa,
akawaita watoto kwa majina, yote sahihi,
akaketi.
Hajainuka bado.

Sisemi hatembei. Anatembea.
Anafika shambani Igawilo na jembe lake,
anasimama kwenye tuta la kwanza, jua linampita.
Mwaka juzi viazi vilituozea ardhini,
gunia kumi na nane, karo ya mtoto wa pili.
Akaniambia: Nilisahau kuwa viko chini.
Kisha, kwa sauti ya kuomba chumvi:
Wako na wengine chini.
Sikumuuliza nani.
Labda nilikosea. Ninyi mna wataalamu.

Daktari ameandika: sonona.
Mimi ni mwalimu, darasa la tatu, Kiswahili.
Neno hili nililijua likiwa na mtu ndani yake,
nimesononeka, amesononeka, tumesononeka.
Sasa limevuliwa viambishi vyote
na kugongwa muhuri.

Na lile la kikao cha kwanza.
Nilimnunulia shati Mwanjelwa, la bluu, kola ngumu.
Mwenyekiti akauliza, kwa wema tu, habari ya afya.
Mume wangu akaruka kutoka kitini,
visigino pa:
Njema, afande!
Mkaandika, "Mwombaji amekiri ana afya njema."
Wajumbe, ile "njema" ndiyo ugonjwa wenyewe.
Usiku huitamka usingizini, mara tatu, mara nne,
akimjibu mtu nisiyemsikia.

Anaitwa Ambilikile, yaani ameniita.
Wazazi wake walimkusudia Mungu;
likaita jeshi, akaitika kwa sauti ileile.
Mimi ni Tusekile, tumefurahi.
Mkitaka kucheka, chekeni, majina hayana rufaa.

Msalaba nimeutia.
Sikuutia mwilini. Nimeutia pembeni ya mchoro,
kwenye weupe wa karatasi, upande wa kushoto,
pale ambapo angesimama mtu wa pili.
Kijana wa dirishani akasema watairudisha.
Nikamwambia wairudishe, kalamu ninayo.

Nakala sita. Stakabadhi nimeibana kwa pini.

Leo Julai, nyasi zimeganda, Loleza haonekani.
Amevaa koti, bahasha kaishika kwa mikono miwili
kama sahani ya moto.
Ananiuliza, Tunashukia Rufaa?
Ndiyo, namwambia.
Haulizi ipi.