Kiti cha Mbele

Pesa ya karafuu ilifungwa kwenye pindo la kanga,
fundo moja,
na gari zilikuwa mbili.

Landrova ya Mbarouk Khatibu, kule Gando,
zamani ilikuwa ya mradi wa dawa ya mbu.
Herufi zake mlangoni zimepakwa rangi mara tatu
na mara tatu zimechungulia.
Bati tupu. Mlango haufungi mpaka uubamize
kama mtu aliyenyimwa haki yake.
Ukiizima huendelea kidogo kunguruma,
haitaki kushindwa maneno.
"Hii haijui tope," alisema Mbarouk.
"Tope ndilo linaloijua hii."

Suzuki ilikuwa fupi, rangi ya ndimu,
imeshuka melini Mkoani wiki ileile,
na Haroub akiifuta kwa shati lake mwenyewe.
Inapita baina ya mikarafuu
isiangushe hata kikonyo.
Mafuta inalamba, hainywi.
Lakini nyuma, ukishatia magunia mawili,
la tatu ulipakate.

Nikazijaribu zote kwenye mlima wetu, Mtambwe,
ule udongo mwekundu
ambao masika huugeuza sabuni.
Landrova ilipanda king'ombe,
kichwa chini, haina swali.
Suzuki ilipanda kimbuzi:
ikachagua jiwe, ikateleza, ikachagua jengine.
Zote zilifika juu.
Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Kaka yangu Faki alihesabu magunia.
Shemeji alihesabu vipuri,
kwamba cha Landrova hata mhunzi wa Konde atakufulia,
cha Suzuki utakingoja Darisalama
mpaka kuku aote meno.
Mimi nilichukua godoro.

Godoro la mama, la sufi,
lenye shimo la ubavu wake wa kushoto.
Nikalitandika nyuma ya Landrova.
Likakaa sawasawa, kama limekatiwa humo.
"Basi yamekwisha," alisema Faki.
"Mama na karafuu, safari moja."

Usiku, nikimgeuza, nikampa habari.
Alinyamaza hata nikadhani amelala.
"Hiyo ya kulala, kaitaka nani?"
"Yako wewe, mama. Ya hospitali."
"Nshalala mie, Mwatima.
Miaka mine naangalia makuti haya,
nayajua moja moja, lipi linavuja, lipi lina mjusi.
Ile nyengine ina kiti mbele?"
"Kipo."
"Na kioo?"
"Na kioo."
"Basi nitilie mto mgongoni, unifunge kanga kama mtoto.
Nataka nione nani kajenga, nani kahama,
na mnazi wangu wa mpakani
nani anauangua."

Tulikuwa tumepima kila kitu.
Urefu wa godoro tuliupima kwa shibiri.

Faki hakunisemesha siku mbili.
Aliyahesabu tena magunia, yakawa yaleyale,
akaenda kutafuta chuma cha kufunga juu ya paa.

Masika yakaja.
Jumatatu ya pili, nusu ya mlima, Suzuki ikakwama,
gurudumu likizunguka bure,
likituchoreshea tope mpaka kwenye kioo cha nyuma.
Nikashuka, kanga kichwani, viatu mkononi.
Na kutoka ndani ya mvua nikasikia ngurumo ninayoijua,
nikaziona herufi zile mlangoni, zinachungulia.
Mbarouk alifunga kamba bila ya neno hata moja.
Angesema, ingekuwa nafuu.

Kamba ikanyooka.
Mama akagonga kioo
kwa kile kidole kimoja kinachomtii bado.
Kando yake, ng'ambo ya mtaro,
palikuwa na nyumba mpya, bati jekundu,
mlangoni mwanamke kasimama na ungo, naye anatutazama.

"Mwambie asivute upesi," alisema mama.
"Huyu ni mtoto wa nani?"