Ukurasa wa Shukrani

Printa Kariakoo laki mbili na nusu,
wino haumo.
Bumu likiingia naweza;
mwezi ukigeuka nitatafuna karatasi.

Kwa Tumsifu, Changanyikoni, ukurasa mia,
foleni hadi mtaroni,
na flashi hurudi na virusi
kama mbwa na kupe.
Umeme ukikatika sote twaitazama feni.

Nilikwisha apa: nanunua, liwalo na liwe.

Jana usiku, tasnifu ikitoka,
akaisimamisha mashine,
kidole juu ya shukrani:
"Umemtaja mpaka mlinzi wa maktaba.
Mama yako je?"

Nikaandika nimeinama,
kibodi yake imefutika herufi ya M,
naibonyeza kwa kukisia.

Ukurasa ule akautoa upya,
ungali moto mkononi.
Akanitoza mia.