Fundi Mlekwa Anaulizwa Kuhusu Kanda ya Pili

Mimi si msanii. Andika hivyo kwanza.
Mimi nachomea waya, Kanyenye,
mkabala na mashine ya kusaga,
na kila sauti iliyougua Tabora hii
imewahi kulala mezani kwangu, kifua wazi.

Walikuja wanne, Behewa Sita,
fulana nyeusi juani saa saba,
na gitaa lililokuwa zima kabisa.
Kalunde akasema: Fundi, liharibu.
Nikadhani sijasikia.
Miaka ishirini watu wananiletea mikwaruzo niitoe,
huyu binti ananilipa niitie!

Basi nikachukua wembe, nikaichanja spika,
chale moja tu,
nikafunga transista mbili ndani ya kopo la maziwa ya unga,
nikaweka swichi ya kukanyagia.
Akakanyaga.
Kuku wa jirani hawakutaga siku tatu.

Hiyo ndiyo kanda ya kwanza, Kutu.
Waliirekodi ghala la tumbaku, usiku,
vumbi la majani likiwakaba,
Shija kwenye ngoma anapiga huku anapiga chafya,
na chafya zimo, sikiliza upande wa pili.
Vijana wa Isevya waliishika kama dini.
Wakubwa wakasema: hiyo ni treni imeacha njia.

Hawakukosea sana.
Mazoezi yao yalikuwa nyuma ya stoo ya reli.
Ikipita ya Kigoma, ikipita ya Mwanza,
ikipita ile ya mizigo isiyojua saa,
walipandisha sauti ili wasikiane,
na ikishapita
hawakuishusha.

Halafu mvua ile.
Maji yakabeba tuta huko mashariki,
mataruma yakabaki yananing'inia kama ngazi ya kamba.
Wiki ya kwanza tuliulizana saa, maana tulizoea kupimia honi.
Wiki ya tisa, majani katikati ya reli, na mbuzi wa mtu.
Sukari juu. Mji kimya.
Na wao mle chumbani wakapiga wimbo wao mkubwa,
ukuta ukawarudishia wote, mzima,
kama mtu anayemfokea
mtu aliyekwisha kuondoka.

Kalunde akaja peke yake. Akaweka kopo mezani.
Litoe, akasema. Nataka kusikia uzi wenyewe.
Kusema kweli niliumia.
Ukizoea kigugumizi cha mtoto,
siku akinena sawasawa
unamkosa.
Lakini nikabadilisha spika. Sikumtoza.

Kanda ya pili wakaiita Nta.
Gitaa kavu. Shija anapiga kwa viganja.
Katikati ya nyimbo wanaacha nafasi,
nafasi hasa, unasikia mtu anameza mate.
Ukumbini vijana wa Isevya walitoka kabla ya wimbo wa tatu,
na Mayunga, yule aliyejichora jina la bendi mkononi kwa sindano,
akasimama mlangoni akapiga kelele: Mmezeeka!
Kalunde alikuwa na miaka ishirini na mitatu.
Akalegeza uzi mmoja, akaendelea.

Baadaye huyo Mayunga alinijia kununua kopo.
Nikamwambia limeuzwa.
Lipo. Lile pale, nahifadhia misumari.

Sasa hili ndilo ulilolijia.
Siku ya wimbo wa mwisho mimi ndiye niliyeshika mashine ya kurekodi.
Kalunde anaimba chini, chini kabisa,
mara miguu ikaanza kuhisi kabla ya masikio.
Miezi minne! Watu wanakimbia nje, wanapiga vigelegele,
nami kidole tayari juu ya kitufe cha kusimamisha.
Akanitazama, akatikisa kichwa: acha.
Hakupandisha sauti. Hakunyamaza.
Alisogea kidogo,
kama mtu anayempisha mgeni kwenye benchi.

Imo humo. Dakika ya pili.
Mpaka leo wateja wananiletea redio,
wanasema, Fundi, hapa ina ngurumo, itoe.
Naifungua. Naipuliza vumbi. Naifunga.
Nachukua mia mbili.
Nawaambia wakasikilize tena usiku.